Chumba na chakula London ya Malkia Victoria: bei ya mlangoni na bei ya ngazini

Nyumba ya wapangaji ya London, zile za kati ya 1850 na 1900, usiipime sebuleni. Sebuleni kila kitu kimewekwa ili kikupendeze: kapeti, saa juu ya meko, kinanda, na mmea wa aspidistra kwenye chungu cha kauri. Ipime ngazini. Nyumba nyingi za mitaa kama Bloomsbury, Pimlico na Islington zilikuwa nyembamba na ndefu kwenda juu. Jiko lilikuwa chini ya usawa wa barabara, juu yake chumba cha kulia, kisha sebule, kisha ghorofa mbili za vyumba vya kulala, na mwisho kabisa chumba cha darini. Ukihesabu vidato kumi na tano kwa kila ghorofa, kutoka jikoni hadi darini ni vidato sabini na tano. Lifti hakuna. Kila kilichopanda, iwe chai, makaa ya mawe au maji ya moto, na kila kilichoshuka, iwe majivu, maji machafu au vyombo vya haja, kilipita kwenye mikono ya msichana mmoja wa kazi, pengine wawili. Ukishalijua hilo, malalamiko ya wapangaji yanajieleza yenyewe: kwa nini chakula hufika kimepoa, kwa nini moto unauzwa, na kwa nini kuoga ni anasa.

Kwanza tutenganishe huduma mbili ambazo wengi huzichanganya. Ya kwanza ni chumba na huduma: mpangaji ananunua nyama, mkate, chai na sukari yake, mama mwenye nyumba anampikia na kumpandishia sinia chumbani. Ya pili ni chumba na meza: unalipa kwa wiki, mnakula pamoja, chakula kimoja kwa wote, na mwenye nyumba ndiye aliyeshika kisu cha nyama. Hii ya pili, katika mitaa ya heshima, ilikwenda shilingi 30 hadi 40 kwa wiki. Shilingi hiyo ndiyo iliyokuja kuipa fedha yetu jina: 20 zilifanya pauni 1, na 1 ilikuwa na peni 12. Karani wa pauni 100 kwa mwaka alipata kama shilingi 38 na nusu kwa wiki. Akitoa 30 za chumba na meza, anabaki na nane na nusu za dobi, viatu, nauli na tumbaku. Ndiyo maana wengi wa aina yake walirudi kwenye huduma ya kwanza, au walilala wawili chumba kimoja.

Huduma ya kwanza inaonekana nafuu mpaka ukutane na paka. Paka wa nyumba za wapangaji alikuwa mzaha wa Waingereza wote wa wakati ule. Alikula nyama baridi ya kondoo, na hilo linaaminika, lakini pia alipunguza sukari, alichota majani ya chai, na alikunywa brandi chupani na kurudisha kizibo. Mpangaji hakuweza kusema wazi kwamba mama mwenye nyumba ni mwizi, naye mama hakuweza kukana kwamba nyama imepungua, basi paka akabeba lawama za pande zote mbili. Kinga yake ilikuwa kasha la chai lenye kufuli, na ufunguo ukae mfukoni. Kwa chupa, kuchora mstari kwenye karatasi ya nje hakukutosha, kwa sababu kila mtu aliuona na kuongeza maji hadi hapo. Wajanja waliigeuza chupa kichwa chini kwanza, ndipo wakapiga alama ndogo.

Bei ya mlangoni, kwa vyovyote, haikuwa bei. Bei kamili ilikuja mwisho wa wiki, imeandikwa kwa mkono. Makaa ya mawe yaliuzwa kwa ndoo, peni 6 ndoo moja. Ndoo moja kwa siku wakati wa baridi ni shilingi 3 na peni 6 kwa wiki, na ndoo haifiki usiku ikiwa dirisha linavuja upepo. Angalia pia meko yenyewe. Meko ya vyumba vya kulala yalikuwa madogo tayari, na mengi yalizibwa zaidi kwa tofali kila upande, hivi kwamba moto unaonekana kwa mbele na nyuma yake hakuna makaa. Mishumaa, kung'arisha viatu, kufua shuka, maji ya kuoga: kila kimoja na mstari wake. Mstari uliowachekesha watu kuliko yote ni ule wa viungo, yaani chumvi, pilipili, haradali na siki vikiwa kwenye kishikio kimoja katikati ya meza. Katika miji ya pwani kama Blackpool, ambako familia za wafanyakazi wa viwandani zilikwenda mapumziko na kununua chakula chao wapikiwe, mgeni alitozwa kwa kutumia kishikio hicho. Tuseme haki: mama wa Blackpool hakuwa na pengine pa kupatia faida. Nyama si yake, wageni ni wa wiki chache za kiangazi, na kodi ya mwaka mzima inamngoja.

Sasa kuoga, kwa sababu hapo ndipo hesabu ya ngazi inapokuwa wazi. Beseni la bati la kuogea liliwekwa juu ya mkeka mbele ya meko. Hata lita 30 tu za maji, kiasi cha kukufika kiunoni ukiwa umekunja magoti, ni kilo 30. Msichana anayachota jikoni, anayapandisha kwa safari mbili au tatu, na ukimaliza anayateka tena kwa kopo hadi kwenye ndoo na kuyashusha. Wapangaji kumi wakitaka kuoga kila asubuhi, hizo ni kilo 300 juu na 300 chini kabla ya staftahi, juu ya moto wa kuwasha, majivu ya kuzoa na viatu vya kupiga brashi. Mshahara wa msichana huyo ulikuwa pauni 6 hadi 12 kwa mwaka, pamoja na chakula na godoro. Kwa hiyo bei ya maji ya kuoga haikuwa choyo peke yake. Ilikusudiwa kukuvunja moyo, na ilifaulu. Siku za kawaida ulipata jagi na bakuli juu ya meza ya kunawia. Januari maji ya jagi hugandia humo humo, na unapasua barafu kwa mpini wa brashi ya nywele kabla hujanawa uso. Kwa usafi wa mwili tunatoa nyota moja kati ya tano, na hiyo ni ya yule msichana.

Baadaye nyumba zilizojiona za kisasa ziliweka bafuni hita ya gesi. Benjamin Waddy Maughan aliibuni London mwaka 1868, na mitambo ya mwanzo haikuwa na bomba la kutolea moshi. Chumba ni kidogo, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi, moto unamaliza hewa na kutoa kaboni monoksaidi isiyo na harufu, na mwogaji analegea akidhani ni raha ya maji. Utaratibu salama ni huu: fungua dirisha, washa, jaza beseni, zima, ngoja kidogo, ndipo uvue nguo. Msafara unaosubiri mlangoni usikuharakishe.

Gesi ilikuwa na mambo yake pia kwenye taa. Kabla ya kofia ya kung'arisha mwali aliyoipatia hati ya uvumbuzi Carl Auer von Welsbach mwaka 1885, taa ilikuwa mwali mtupu. Mwali ule ulipaka dari masizi, ulipasha chumba joto kichwani huku miguu ikiganda, na salfa yake iliharibu majalada ya ngozi na kuua maua ya ndani. Aspidistra iliheshimiwa kila sebule kwa sababu moja tu: haikufa. Miaka ya 1890 ikaenea mita ya kutumbukiza peni. Msomaji anayeishi kwa LUKU Dar es Salaam au kwa tokeni Nairobi hahitaji maelezo: unalipa kwanza, unatumia, inakata katikati ya sentensi. Ila umeme ukikata hukuacha gizani tu. Gesi ikikata, mwali unazimika na koki imebaki wazi. Mtu analala, mwingine anatumbukiza peni, na gesi inatoka bila mwali usiku kucha. Taa ikizimika yenyewe, funga koki kabla ya kutafuta sarafu.

Kitanda kikaguliwe mchana. Shuka mbichi ndiyo kasoro iliyokuwa ya kawaida kuliko zote, kwa sababu nguo zilianikwa jikoni na London haina jua la kukausha kitu Novemba. Kuna jaribio la zamani la wasafiri: ingiza kioo kidogo kikavu katikati ya shuka, ngoja dakika chache, kitoe. Kikiwa na ukungu, kataa. Usikubali kupigiwa pasi shuka juu juu, kwa kuwa unyevu uko kwenye godoro. Ukutani, epuka karatasi yenye kijani cha kung'aa, hasa kwa nyumba iliyopambwa kabla ya miaka ya 1880. Rangi nyingi za kijani hicho zilikuwa na aseniki. Ilipukutika kama vumbi, na kwenye ukuta wenye unyevu na kuvu ilitoa gesi yenye sumu. Chumba cha namna hiyo mara nyingi kilikuwa kizuri kuliko vyote kwa macho, na bei yake ilipanda kwa sababu hiyo.

Kunguni ni sura ndefu. Chagua kitanda cha chuma, maana cha mbao kina viungio, na kila kiungio ni makazi. Pitisha kidole kwenye mshono wa godoro ukitafuta madoa meusi kama nukta za wino, kisha angalia nyuma ya picha na pale karatasi ya ukutani ilipobanduka. Ukiambiwa chumba hakijalalwa miezi miwili, hiyo si dhamana, kwa kuwa kunguni mzima huvumilia njaa kwa miezi na atakupokea vizuri zaidi. Dawa zilikuwa tatu. Miguu ya kitanda ilisimamishwa kwenye visahani vya mafuta ya taa, kinga ambayo inashindwa pale shuka inapogusa sakafu. Viungio vilipakwa tapentaini, au kloridi ya zebaki ambayo iliua kunguni na haikumhurumia aliyelala. Ya tatu, na iliyo salama kuliko zote, ilikuwa unga wa Keating uliotokana na maua ya pareto, mmea ambao katika karne ya 20 ulikuja kuwa zao la Molo, Nyandarua na Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Unga huo huwaangusha kunguni upesi, lakini mayai yanabaki na mwanga unaumaliza nguvu. Asiyerudia baada ya wiki mbili ameupoteza bure.

Na sheria ilikuwa upande wa mpangaji hapa, jambo ambalo wengi hawakulijua. Mwaka 1843, katika kesi ya Smith dhidi ya Marrable, nyumba yenye samani huko Brighton ilikodishwa kwa gini 8 kwa wiki (gini moja ni shilingi 21), na familia ikahama baada ya siku chache kwa sababu ya kunguni. Mahakama ilisema anayekodisha nyumba yenye samani anaahidi, hata bila kuandika, kwamba inakalika. Neno la muhimu ni samani. Chumba kitupu hakikupata ulinzi huo.

Chakula. Jumapili nyama ya kuoka, ya moto, pamoja na viazi na kabichi iliyochemshwa mpaka imesahau rangi yake. Jumatatu nyama hiyo hiyo, baridi. Jumanne imekatwa vipande na kutiwa mchuzi, Jumatano imesagwa na kufunikwa viazi. Kuanzia Alhamisi ni bora usiulize. Kabla ya nyama huletwa donge la unga na mafuta ya ng'ombe lililochemshwa, na anayelijaza tumboni hana nafasi ya kudai kipande cha pili, ambalo ndilo kusudi. Nyama hukatwa kuanzia karibu na mwenye nyumba, na wapangaji wa zamani ndio wanaokaa karibu naye. Mgeni anakaa mwisho, hupata kipande cha mwisho, na viazi vimekwisha kupoa. Chai ya pili hutolewa kwenye majani ya kwanza, kisha majani hayo hayo yakiwa mabichi hunyunyizwa kwenye kapeti ili vumbi lisiruke wakati wa kufagia. Kwa kapeti ilikuwa njia nzuri kweli. Hata kabla ya kufika jikoni vitu vilikuwa vimeshachezewa dukani. Uchunguzi wa Arthur Hill Hassall, uliochapishwa katika jarida la madaktari, The Lancet, miaka ya 1850, ulionyesha shabu kwenye mkate na maji kwenye maziwa. Sheria ya kuuza vyakula na dawa ya 1875 ndiyo iliyoanza kuleta nidhamu, na hata chai ikawa inakaguliwa forodhani. Anayehukumu meza ya 1855 na ya 1895 kwa kipimo kimoja anakosea.

Asiyekula nyama alikuwa na shida ya peke yake. Gandhi alipofika London mwaka 1888 kusomea sheria, akiwa na nadhiri ya kutogusa nyama, waliompangisha hawakujua wampikie nini. Alikula uji wa asubuhi, mchicha wa Kizungu, mkate na jamu, akaona haya kuomba zaidi ya vipande viwili vitatu. West Kensington, mabinti wa mama mwenye nyumba walimwongezea kipande kimoja au viwili, na bado alishinda na njaa mpaka alipogundua mkahawa wa wasiokula nyama Farringdon Street. Somo la huduma hapa ni dogo lakini linafaa: sharti la chakula litajwe kabla ya kulipa wiki ya kwanza, na uulize utapikiwa nini, kwa jina, siku gani. Mama akijibu kwamba utashughulikiwa, elewa kwamba utapewa kabichi. Nyota mbili.

Kuhusu wenzako wa meza hatutasema mengi. Watakuwepo mwanajeshi mstaafu aliyekaa India, mjane mwenye mabishano kuhusu dirisha, wanafunzi wa udaktari, na mtu mmoja apigaye kinanda vibaya kila jioni. Vibonye vya vinanda vya wakati ule vilifunikwa kwa pembe za ndovu, na nyingi zilipita Unguja. Ni huzuni kuona zimekwenda mbali hivyo kwa kazi hiyo. Uliza kama utapewa ufunguo wa mlango. Nyumba isiyotoa ufunguo inafunga mapema usiku, na baada ya hapo unamwamsha mtu.

Hatari kubwa kuliko kunguni na gesi haikuonekana kabisa. Mama mwenye nyumba, licha ya jina, mara nyingi hakuwa mwenye nyumba. Alikodi jengo zima kwa mtu mwingine, akapangisha vyumba. Akishindwa kodi yake, madalali wa mwenye jengo walikuwa na haki ya kuchukua mali iliyomo ndani, pamoja na sanduku la mpangaji asiyedaiwa hata peni. Mambo yalivyoweza kuvurugika yanaonekana kwa familia ya Karl Marx huko Chelsea mwaka 1850. Walikuwa wamekubaliana kodi iende kwa mwenye jengo, kwa kuwa aliyewapangisha naye alishawahi kukamatiwa mali. Kisha huyo aliyewapangisha akayakana makubaliano na kudai pauni 5, ambazo hawakuwa nazo. Madalali wawili wakaingia wakashika vitanda, nguo na hata kitanda cha mtoto mchanga. Sheria ya 1871 ya kulinda mali za wapangaji ilileta nafuu, lakini ilidai vitendo. Mpangaji aandike tamko kwamba mali ni yake na anayempangisha hana haki nayo, aambatanishe orodha ya vitu aliyoitia saini, aeleze anadaiwa kodi kiasi gani, akiilipa kwa mwenye jengo. Orodha isiyoandaliwa mapema huandikwa madalali wakiwa wamesimama mlangoni, na hapo ndipo saa ya baba yako inaposahaulika.

Kwa mwanamume asiye na familia, mwisho wa karne ulileta mshindani. Lord Rowton, bwana mkubwa mfadhili, alifungua nyumba yake ya kwanza ya kulala wafanyakazi huko Vauxhall, London, mwisho wa 1892: peni 6 kwa usiku, yaani shilingi 3 na peni 6 kwa wiki, bei ya makaa tu ya Bloomsbury. Ulipata kijichumba chako chenye kitanda na shuka safi, mahali pa kuoga, chumba cha kusomea, na jiko la kupikia chakula chako mwenyewe. Hakuna kinanda. Kasoro ni kwamba mchana vijichumba vinafungwa, na kuta zake hazifiki darini, kwa hiyo kikohozi cha mmoja ni cha wote. Kwa fedha ile, bado tunaiweka juu ya nyumba nyingi za shilingi 30.

Ukiamua kubaki na Bloomsbury, chukua chumba cha nyuma ghorofa ya pili. Kelele za magari ya farasi juu ya mawe haziingii sana, bomba la moshi la sebule linapita ukutani na kupasha, na maji ya moto yakifika bado ni ya moto. Bei iandikwe pamoja na makaa, taa, viatu na viungo, kila kimoja kwa jina lake. Lipa wiki kwa wiki, chukua risiti, na ukitaka kuhama toa notisi ya wiki nzima kwa maandishi siku ile ile ya juma unayolipia. Kabla ya kufungua sanduku, lishike jagi la kunawia, ligeuze kwenye mwanga, na umwonyeshe mama kila ufa ukiandika. Kuna majagi yamelipiwa na wapangaji wanne mfululizo na bado yako juu ya meza.